Si kila mara strncpy humalizia mfuatano

Waandishi wengi wa programu za C huamini kwamba strncpy, kitendaji cha kunakili mfuatano wa herufi, ni strcpy (kitendaji kama hicho kisicho na kikomo) iliyo salama: ipe kikomo cha baiti, basi. Kikomo kinachotoshana na nafasi iliyotengwa kweli huzuia kuandika nje yake. Lakini mwisho wa mfuatano katika C hutambulika kwa baiti ya sifuri, na strncpy haiiweki chanzo kinapojaza kikomo chote. Nakili "habari" kwa kikomo cha 6: herufi zote zinaingia, sifuri haimo, na strlen, inayopima urefu wa mfuatano, huweza kuendelea kusoma kumbukumbu isiyohusika. Hapo ndipo penye hatari hasa.

Jihakikishie mwenyewe: jaza safu ya baiti 8 kwa herufi x, nakili, kisha chapisha kila baiti kama namba. Katika ASCII, mfumo wa kuzipa herufi namba, ya saba itabaki 120, yaani x.