Umenyukaji wa metali: kwa nini bati huoza na sufuria haiozi

Umenyukaji wa metali ni wepesi wake wa kuungana na vitu vingine, hasa maji na oksijeni ya hewani. Chanzo chake ni elektroni (chembe ndogo sana) za nje za atomu. Metali inayoziachia upesi humenyuka kwa nguvu. Inayozishikilia hukaa miaka na miaka bila kubadilika.

Kali kuliko zote ni metali za kundi la kwanza katika jedwali la elementi, zikiwemo lithiamu, sodiamu na potasiamu. Sodiamu hukatika kwa kisu, na pale ulipokata hung'aa kidogo tu kisha pakafifia, ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya mafuta. Kipande chake kidogo kikitiwa majini huyeyuka kikawa tone linalokimbia huku na huku juu ya maji, likitoa haidrojeni. Potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alizitenga zote mbili mwaka 1807 kwa nguvu ya umeme, maana ardhini hazipatikani zikiwa peke yake.

Kalsiamu, ya kundi la pili, humenyuka na maji baridi kwa utulivu zaidi. Magnesi hutaka mvuke, na zinki na chuma vilevile, tena vikiwa vya moto.

Inayotatiza wanafunzi wengi ni alumini. Kwa umenyukaji imezipita zinki na chuma, lakini sufuria ya alumini huchemsha maji kila siku na haiozi. Sababu ni huko kumenyuka kwake upesi: ikigusana na hewa tu, hujivika utando wa oksidi (alumini iliyoungana na oksijeni), mwembamba usioonekana lakini ulioshikamana barabara, na oksijeni haipati tena pa kupenya. Ukiusugua kwa majivu ukatoka, mwingine hujitanda mara moja. Kinachouweza ni magadi. Pika maharage kwa magadi, kisha tazama sufuria ilivyofanya weusi ndani.

Kutu ya chuma haina ulinzi huo. Hubanduka magamba na kuacha chuma kipya wazi, nacho kikaliwa. Ili ipatikane, lazima maji na oksijeni viwepo pamoja. Chumvi huiharakisha, kwa hiyo paa la Tanga au Mombasa karibu na bahari huchakaa mapema kuliko la bara. Bati la kawaida la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na hata likikwaruzwa, zinki iliyo kando huliwa kwanza badala ya chuma. Ikiisha, kutu huanza.

Shaba haimenyuki na maji, hata mvuke. Hewani hufanya weusi au ukijani taratibu. Dhahabu haiguswi na chochote kati ya hivyo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa hata visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944, karne nyingi baada ya kutengenezwa.