Mipira ya vakyumu kwenye gari la zamani: jua kwanza kinachopita ndani

Gari la miaka 20 au 30 likiletwa kwangu linatetemeka kwenye sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mara nyingi huwa limeshabadilishiwa plagi, koili na pengine sensa ya hewa. Ile mipira midogo myeusi iliyozunguka injini, yaani mipira ya vakyumu inayopitisha mvuto wa injini, haijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Mimi naanzia hapo. Na kabla ya kukata hata mmoja najiuliza: ndani ya mpira huu kinapita nini? Jibu ndilo linaloamua ninunue mpira wa aina gani, na ndilo linaloeleza gari litalalamika vipi mpira huo ukipasuka.

Kwenye sailensi kipepeo cha throtoli kimekaribia kufunga kabisa huku pistoni zikivuta hewa, kwa hiyo ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kunabaki mvuto mkali. Injini ya petroli yenye afya, ikipimwa usawa wa bahari, husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, na mshale wa geji hutulia. Ukipanda mlima, toa kama inchi moja kwa kila mita 300. Mvuto huo ndio unaosaidia mguu wako kwenye breki, unaosogeza taimingi (wakati wa kurusha cheche) kwenye distribyuta za zamani, unaofungua valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) na unaonyonya mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa linaloudaka mvuke wa tangi.

Mpira ukipasuka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma. Hapa mafundi wengi hupotea, kwa sababu dalili hutegemea namna gari linavyopima hewa. Lenye sensa inayopima hewa inayoingia halioni kabisa hewa ya kwenye ufa, kwa kuwa imeingia baada ya sensa. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko ile sehemu 14.7 kwa moja ya petroli, na kompyuta inahangaika kuongeza mafuta. Ukiunganisha mashine ya kusoma kompyuta, utaona nyongeza ya mafuta iko juu sana kwenye sailensi, kisha inashuka ukipandisha mizunguko, maana ufa ule ule sasa ni sehemu ndogo tu ya hewa yote. Nikiona hivyo, pamoja na kodi P0171 (mchanganyiko una mafuta kidogo mno), naanza kutafuta ufa. Gari linalopima mgandamizo ndani ya manifoldi ni tofauti: sensa yake inahisi hewa ya ziada na kompyuta inaipatia mafuta yake, kwa hiyo badala ya kutetemeka injini inapandisha sailensi. La kabureta halina wa kulisahihishia. Linakohoa na kuzima.

Sasa mpira wenyewe. Sikubaliani na desturi ya kununua roli moja la mpira wa silikoni na kuutumia kila mahali kwa sababu unavumilia joto na unapendeza. Kwenye njia kavu, kama ya sensa ya mgandamizo au ya vibao vya kiyoyozi, silikoni inafaa sana. Njia ya PCV, ile ya kupumulia krenki, inapitisha mvuke wa oili kutoka humo, na oili huifanya silikoni ivimbe na kulegea. Hapo weka mpira uliotengenezwa kuhimili oili. Njia ya kopo la mkaa inapitisha mvuke wa petroli, nao hupenya silikoni hadi harufu ijae kwenye boneti. Hiyo inataka mpira wa mafuta. Mpira wa regyuleta ya mafuta (inayodhibiti mgandamizo wa petroli) naupa hadhi hiyo hiyo, kwa sababu utando wa ndani ukitoboka petroli itaingia humo. (Ukiuchomoa na kukuta umelowa petroli, tatizo lako ni regyuleta.) Wa busta ya breki, kile kifaa kinachotumia mvuto kusaidia mguu, uwe mnene, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, usiolala bapa ukinyonywa. Hapa sibahatishi hata kidogo.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa baridi. Piga picha, tafuta mchoro wa mipira ambao magari mengi huwa nao kwenye stika chini ya boneti, kisha badilisha mmoja mmoja. Ukichomoa yote kwa pamoja, mchoro pekee hautakuokoa. Usivute kwa nguvu: plastiki ya zamani imekauka, na kichuchu, kile kibomba ambacho mpira huvalishwa, kikivunjika kwenye manifoldi umejitafutia kazi kubwa. Pasua mpira kwa urefu, taratibu, bila kukikwaruza kichuchu. Kipimo cha mpira mpya kichukue kwenye kichuchu, maana mpira wa zamani umeshatanuka. Kuuingiza, maji kidogo yanatosha, grisi hapana.

Kabla ya kutupa wa zamani, uminye kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Baadhi huficha kipande kidogo chenye tundu jembamba la kupunguza mvuto, na kukitupa ni kubadilisha tabia ya EGR au ya taimingi bila kujua. Valvu za njia moja na zile za kuchelewesha zina upande wake, ziweke alama. Ya njia moja ipulize kwa mdomo: ikipitisha pande zote, imekufa.

Watu huniomba niizibe mipira ya EGR na ya kopo, "ipungue mizigo." Sifanyi. Taimingi ya injini nyingi ilipangwa ikitegemea EGR ipoze mwako, na ikizibwa injini hugonga ukiwa unaivuta mlimani, mbali na gesi za oksidi za naitrojeni inazotupa hewani. PCV ikizibwa, mgandamizo hujaa ndani na oili hutafuta njia kwenye sili.

Ukimaliza, tafuta uvujaji uliobaki kwa mashine ya moshi. Kupulizia kemikali inayowaka juu ya ekzosi yenye moto kunaunguza magari. Kisha pima breki kabla ya kutoka: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, washa, inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, gari halitoki.

Mwisho rudi kwenye sailensi. Mara nyingi kuna mtu alishakaza au kulegeza skrubu ya kabureta ili kufunika uvujaji, na sasa marekebisho yake yanakupinga. Irudishe kwenye kipimo cha kiwandani. Kwa gari la kompyuta, futa kumbukumbu ya mafuta, liendeshe, halafu usome upya ile nyongeza: ikikaa karibu na sifuri kwenye sailensi na kwenye mizunguko ya juu, funga boneti.