Bima ya magonjwa mahututi: anza na ukurasa wa tafsiri

Bima ya matibabu huilipa hospitali. Bima ya magonjwa mahututi hukulipa wewe, fedha kwa mkupuo mmoja, utumie kwa dawa, kodi ya nyumba au karo. Ilianzia Afrika Kusini mwaka 1983, baada ya daktari wa upasuaji wa moyo, Marius Barnard, kuona wagonjwa wake wakipona huku wakifilisika.

Kenya huuzwa zaidi kama nyongeza ya bima ya maisha. Usiichanganye na Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi iliyo chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya. Hiyo hugharimia matibabu pale kiwango cha SHIF, bima ya afya ya jamii, kinapokwisha.

Nikishika mkataba wowote, nafungua kwanza ukurasa wa tafsiri ya magonjwa, yaani unaoeleza kila ugonjwa lazima uweje ndipo ulipwe, kwa sababu jina la ugonjwa peke yake halilipwi. Saratani lazima iwe imepenya tishu za jirani, na ripoti ya patholojia (uchunguzi wa tishu maabara) iseme hivyo. Iliyogunduliwa ikiwa bado haijapenya popote kwa kawaida hailipwi, au hulipwa sehemu tu, ingawa daktari ameiita saratani na mgonjwa amefanyiwa upasuaji. Kiharusi lazima kiache ulemavu wa kudumu wa neva. Kile kinachopita ndani ya saa 24 hakimo. Figo ziwe zimeshindwa zote mbili, na mgonjwa asafishwe damu mara kwa mara. Mshtuko wa moyo huthibitishwa kwa troponini (protini ya misuli ya moyo inayopimwa kwenye damu) iliyopanda pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, basi omba nakala za majibu siku unayoruhusiwa kutoka hospitali.

Angalia pia vipindi viwili: muda wa kusubiri tangu bima ianze, mara nyingi siku 90, na siku unazopaswa kuwa hai baada ya ugonjwa kuthibitishwa, kwa kawaida 14 hadi 30.

Halafu muulize wakala: fedha hizi zinakatwa kwenye bima ya maisha au zinaongezwa? Ukiwa na bima ya maisha ya shilingi 2,000,000 na nyongeza ya 1,000,000 inayokatwa, ukilipwa leo familia itabakiwa na 1,000,000. Ikiwa haikatwi, familia itapata 2,000,000 zote. Ya pili ni ghali zaidi, na mawakala wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Malipo ya ugonjwa usio na tiba ni jambo jingine. Hayafuati orodha ya magonjwa; ni fedha za kifo zinazotolewa mapema, kwa kawaida daktari bingwa anapothibitisha kwamba mgonjwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 12. Madaktari wetu huona uzito kuandika miezi, lakini barua inayosema tu “ugonjwa umesambaa” itarudishwa. Iwe na hatua ya ugonjwa, tiba zilizojaribiwa na makadirio ya muda. Baadhi ya mikataba huyafuta malipo haya bima inapobakisha mwaka mmoja kuisha.

Na wakati madai yanachunguzwa, endelea kulipia bima kila mwezi. Ikikatika, hata fidia ya kifo inaweza kupotea.