Kupindisha kamera si kutengeneza mshazari

Wateja wa harusi wananiambia, vijana wanaojifunza kwangu wananiambia, na sasa hata mashangazi wa bibi harusi wananiambia: "Kaka, pindisha kamera kidogo, picha ichangamke." Nimeisikia mara nyingi mno, na kila wiki naletewa picha zilizoharibika kwa sababu yake.

Dhana: Ukitaka mshazari, yaani mstari ulioinama unaoichangamsha picha, pindisha kamera.

Sivyo. Jicho linajua kwamba mstari umeinama kwa sababu karibu yake kuna kitu kilicholala sawa au kilichosimama wima. Ukikiondoa hicho cha kulinganishia, mshazari wenyewe unapoteza nguvu.

Chukua jahazi linalopita mbele ya Forodhani, Zanzibar, jioni. Mlingoti wake umeegemea mbele. Foromali, ule mti unaobeba tanga, unaanzia chini upande wa omo, mbele ya chombo, na kupanda hadi juu kuelekea tezi, nyuma yake. Huo ni mshazari mkubwa, tayari, hukuugharamia kitu. Kinachouonyesha ni upeo wa bahari uliolala chini yake. Sasa pindisha kamera. Bahari inateremka upande mmoja, foromali inaweza hata kukaribia kusimama wima, na mtazamaji haoni tena tanga. Anaona maji yanayotaka kumwagika. Na kama maharusi wako wamesimama ufukweni mbele ya hilo jahazi, wanaonekana wanaanguka.

Halafu picha inaletwa kwangu: "Inyooshe tu kwenye programu." Kunyoosha kuna bei. Kwenye fremu ya 3 kwa 2 (upana sehemu 3, kimo sehemu 2), ukizungusha picha nyuzi 5 na kubaki na umbo lile lile, unapoteza karibu moja ya tano ya eneo lake. Ukizungusha nyuzi 10, zaidi ya theluthi imekwenda. Na kinachokatwa ndicho kilichokuwa pembeni: pindo la shela, viatu, mkono wa mama mzazi.

Mshazari unatafutwa kwa miguu. Simama ukiutazama ukuta wa Ngome Kongwe, hapo hapo Forodhani, uso kwa uso: kingo zake za chini na juu zinalala sawa kwenye fremu, picha imetulia. Sogea pembeni hadi uwe unautazama ukuta kwa urefu wake. Ukingo wa chini sasa unapanda, wa juu unashuka, zote mbili zikielekea sehemu moja kwa mbali, na kamera yako haijapinda hata kidogo. Mstari wa povu ufukweni ni vivyo hivyo. Ukiielekea bahari, umelala. Geuka uutazame ufukwe kwa urefu, povu linakata fremu kwa mshazari na kumpeleka mtazamaji moja kwa moja kwa watu wako.

Watu nao wanachora mistari. Kwenye ngazi, mpandishe bwana harusi kidato kimoja juu ya bibi harusi. Vichwa viwili tayari vimetengeneza mshazari. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na inafanya kazi hata kwenye ukumbi usio na kitu cha maana ukutani.

Kuna wanaonijibu kwa kumtaja Rodchenko, mpiga picha wa Moscow. Ni kweli, alipindisha kamera, na alipindisha kwelikweli. Lakini itazame picha yake ya ngazi ya mwaka 1930: vidato vyenye mwanga na vivuli vimejaza fremu nzima, mama aliyebeba mtoto anapanda, na hakuna upeo wala nguzo ya kukwambia kwamba kuna kitu kimekwenda kombo. Fremu yote imejengwa juu ya uamuzi huo. Wewe umepindisha nyuzi 4 mbele ya bahari. Nyuzi 4 mtazamaji atazihesabu kuwa kosa, na atakuwa na haki. Washa gridi, ile mistari ya kunyooshea kwenye kioo cha kamera au simu yako, uiache hapo.

Dhana: Mshazari lazima utoke kona hadi kona, kwa nyuzi 45.

Haiwezekani vyote viwili kwenye fremu ya kawaida. Kwenye 3 kwa 2, mstari wa kona hadi kona una takriban nyuzi 34. Na mimi mstari unaoishia kwenye kona yenyewe naukwepa, kwa sababu unalitoa jicho nje ya picha. Uache uingilie kando kidogo ya kona.

Dhana: Unaopanda kuelekea kulia ni furaha, unaoshuka ni huzuni.

Neno "kupanda" hapo limetoka kwa watu wanaosoma kutoka kushoto kwenda kulia. Anayesoma Kiarabu anaanzia upande mwingine. Mtoto anayeteremka ngazi mbio akicheka hana huzuni yoyote, mstari uelekee utakako.

Dhana: Bila lenzi pana hupati mistari.

Mistari inainama kutokana na mahali ulipo, si kutokana na lenzi. Lenzi pana inakuruhusu tu kusimama karibu. Panda ghorofani na lenzi ya milimita 85, ambayo si pana, utazame barabara kutoka pembeni, uone.

Dhana: Mistari ikiwa mingi, picha ina nguvu zaidi.

Hii inaharibu picha nyingi za bandarini. Kamba za nanga, milingoti, nyavu, kila kimoja kinavuta upande wake, na mtu aliyelipia picha anapotea katikati. Chagua mstari mmoja unaofika kwake, mingine ifiche au iache nje ya fremu. Kisha angalia kamba inapita wapi nyuma ya kichwa chake. Ikionekana imeingia sikioni, piga hatua moja kushoto kabla hujabonyeza.