Fila ni nini kwenye maua, na unaichagua aje

Ukiingia City Market ya Nairobi, pale Muindi Mbingu, kutafuta bukei, swali la kwanza ni unataka rozi ngapi. Fila gani hakuna mtu anakuuliza, na hiyo ndo inaamua kama maua yatakaa ya sherehe ama yatakaa yamefungwa tu kama sukuma.

Fila ni maua madogo madogo yanayojaza nafasi katikati ya yale makubwa. Yaani kuna ua lenye macho yanaenda kwanza, rozi, lili ama alizeti, kuna majani, watu wa maua wanayaita grini, halafu katikati ndo fila inaingia. Kuna pia maua marefu kama gladiola ya kupea mpangilio urefu, lakini kwa vesi ya mezani unaweza kuyaruka.

Fila maarufu ni jipsofila, zile nukta nyeupe kila mtu anazijua kwa macho hata kama jina halijui. Shida ni harufu, ikijaa kwenye chumba kidogo haipendezi, so meza ya chakula mi nashauri statisi, ile ya zambarau yenye inakaa kavu kwa mkono hata ikiwa imekatwa leo, na ikikauka kabisa rangi inabaki. Haiperikamu nayo ni vitunda, nyekundu ama kijani, si maua, na inaenda poa sana na rozi ya krimu. Solidago ni ya njano, usiiweke na rozi ya njano juu zitamezana.

Chagua kwa tofauti. Ua kubwa la duara linataka kitu chepesi kando yake, na fila aina moja ama mbili zinatosha, ukiweka nne jicho linakosa pa kutua. Angalia pia ukubwa wa rozi yenyewe: zile za sehemu za juu zenye baridi kama Molo hukua polepole na kichwa kinakuwa kikubwa kuliko za Naivasha, so unaweza kununua chache na ujazie na fila na grini, bei inashuka na bado vesi imejaa.

Grini ndo mi huanza nayo juu inashikilia kila kitu. Raskasi ina majani magumu ya kijani iliyokolea na inadumu kuliko maua mengi utakayoiweka nayo. Mkaratusi wa maua ni wenye majani mviringo ya kijivu-buluu. Hata baadhi ya ile mikaratusi ya kando ya shamba ikiwa michanga huwa na majani ya hivyo, ikikomaa ndo yanarefuka, kwa hivyo usikate tawi lolote tu ukitarajia ifanane na ya picha.

Kabla ulipe, finya rozi polepole pale chini ya kichwa, ikiwa ngumu ni mpya, ikilegea wachana nayo. Jipsofila yenye nukta za kahawia imezeeka. Nyumbani toa majani yote yatakayozama kwenye maji, na shina la statisi hasa, lile lina vipande kama mabawa kando na vinaoza haraka. Na kama una paka, lili isiingie kwa nyumba kabisa, hata ule unga wake unaweza kumuua.