Oili ya sintetiki haiongezi nguvu ya gari

Ukimwaga oili ya kawaida ya injini na kuweka ya sintetiki, yaani iliyoundwa kiwandani kwa kemia, usitegemee gari lipande mlima kwa kasi mpya. Wengi huapa kwamba injini "imekuwa nyepesi", lakini mara nyingi wanalinganisha oili mpya na ile iliyokwisha kuchoka. Zikiwa zote ni 5W-30 (alama ya daraja la uzito wa oili), mnato wake kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi uko ndani ya kiwango kilekile, hivyo tofauti ya nguvu ni ndogo mno kuihisi ukiwa kwenye usukani.

Faida ya sintetiki ipo kwingine. Kwenye baridi kali hupanda upesi hadi kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua vali, na ndani ya turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa) iliyopata moto haigandi haraka kuwa masizi magumu. Pia huchelewa kuharibika, ingawa ratiba ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata.

Kwenye giaboksi ndiko watu wanakoharibu hasa. CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili yake maalumu. Giaboksi ya manyuali iliyoandikiwa GL-4 (GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia) ikitiwa GL-5 isiyoifaa, ringi za shaba zinazolainisha ubadilishaji wa gia zinaweza kulika, hata kama oili yenyewe ni ya sintetiki na bei yake inatisha.