Je, wajua? Mshipa wa shingo uliotuna si kipimo cha presha

Kwa miaka mingi nilipoona mtu ametuna mishipa ya shingo, nilisema moyoni: huyu presha imempanda. Kumbe nilikuwa nachanganya mabomba mawili.

Presha inayopimwa mkononi ni ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa karibu 120 kwa 80. Mshipa unaotuna shingoni ni vena, nayo inarudisha damu kutoka kichwani. Msukumo ndani yake hauzidi sana 6 kwa kipimo hichohicho. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na presha ya kutisha na shingo yake ikawa tulivu kabisa. Mwingine, maji yakijaa ghafla kwenye mfuko unaozunguka moyo, presha humshuka huku vena zikisimama hadi karibu na taya.

Sasa vena inajuaje habari za moyo? Mfikirie fundi mwashi na ule mpira wake mwangavu wa maji. Ukitaka kujua maji yamefika wapi ncha ya mbali, unaangalia ncha iliyo karibu nawe. Vena ya ndani ya shingo, upande wa kulia, hushuka karibu wima hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo: ndiyo mpira wenyewe. Moyo ukilemewa kusukuma damu kwenda mapafuni, inayorudi hukuta foleni, na kina cha damu hupanda shingoni. Daktari humwegemeza mgonjwa kwa nyuzi 45, kisha hupima kwa rula. Kina kikizidi sentimita 4 hivi juu ya kinundu cha mfupa wa kifua, ana la kuuliza. Rula tu!

Lakini ukilala chali, ukiimba au ukinyanyua mzigo, vena hutuna kisha hunywea. Hiyo ni kawaida. Kwenye shingo nene huenda isionekane kabisa. Na ikituna haitaji kosa liko wapi: huenda ni moyo, mapafu, au kizuizi kifuani. Ikibaki imetuna mtu akiwa ameketi wima, hasa akihema kwa shida au miguu ikivimba, aende hospitali bila kungoja.

Kioja kimoja zaidi. Ukivuta pumzi, kina cha vena hushuka. Mwaka 1873 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza wagonjwa ambao kwao kilipanda: mfuko unaozunguka moyo ulikuwa umekakamaa, moyo haupokei tena damu ya ziada.